Vidonda Vimepona, Tumbo Bado Linauma: Jinsi Nilivyotuliza Neva za Utumbo

Kolaitisi yangu ya vidonda, ugonjwa wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana, ilitulia, maumivu yakabaki. Kolonoskopi, kipimo cha kamera, ilionyesha utumbo mpana umepona na kalprotektini kwenye kinyesi, protini inayopanda utumbo ukivimba, ilikuwa chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, lakini tumbo lilinisokota baada ya karibu kila mlo. Kwa hali kama hiyo sikuona sababu ya kuongeza dawa za kuzima uvimbe. Uvimbe haukuwepo. Zilizokuwa zikilalamika ni neva za hisi.

Neva hizo hupita njia mbili. Za vagasi, neva ndefu inayounganisha ubongo na tumbo, hupeleka ubongoni habari za shibe na kichefuchefu. Takriban asilimia 80 ya nyuzi za vagasi kazi yake ni kupandisha habari, si kushusha amri. Zinazopitia uti wa mgongo ndizo hasa zinazobeba maumivu. Utumbo ukiwa na uvimbe, kemikali za mwili kama histamini, serotonini na prostaglandini huzichokoza neva hizi hadi zinakuwa nyepesi kuamka, na kipokezi cha TRPV1, kile kile kinachohisi ukali wa pilipili, kinakuwa chepesi kuchokozeka. Ukuta wa utumbo unaweza kupona huku wepesi huo ukibaki. Hapo gesi ya kawaida tu, ikitanua utumbo kidogo, inauma.

Kabla ya kuzilaumu neva, pima kwanza. Damu kwenye choo, homa, kupungua uzito, upungufu wa damu, au kuamshwa usiku na kuhara: hizo ni dalili za kurudi kwa daktari, si za kujitibu.

Nilianza na daftari: saa ya maumivu, ukali wake kutoka 0 hadi 10, chakula, na aina ya choo kwa kipimo cha Bristol, 1 (kigumu kabisa) hadi 7 (majimaji). Bila daftari huwezi kujua dawa gani imesaidia, maana maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe.

Kwenye chakula nilipunguza wanga unaochachuka: vitunguu, ngano, maharage, maziwa yenye laktosi. Muda wake ni wiki 4 hadi 6, kisha unarudisha kundi moja kwa siku 3, ukiongeza kiasi kila siku. Wengi hukwama hapa, wakiona nafuu hawarudishi kitu. Ni hatari, kwa sababu bakteria wazuri hupungua na mwili unakosa lishe. Ukiwa mwembamba tayari, usianze bila mtaalamu wa lishe.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni amitriptilini, kwa cheti cha daktari. Ni dawa ya zamani ya sonona, ila kwa neva za utumbo dozi ni ndogo mno: miligramu 10 usiku, ikipandishwa polepole hadi 30 kadiri mwili unavyostahimili. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2023 ulitumia dozi hizo hizo kwa wenye utumbo unaohisi kupita kiasi (IBS), ukaonyesha inafaa kuliko kidonge bandia. Kinywa hukauka na usingizi huja mapema, kwa hiyo niliimeza saa moja au mbili kabla ya kulala. Nafuu huchukua wiki kadhaa; anayeacha wiki ya pili hajaijaribu. Hufunga choo, basi mwenye choo kigumu amwambie daktari, pia mwenye ugonjwa wa moyo au glakoma (presha ya macho).

Tramadoli na kodeini, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, nilizikataa kabisa, na ningemsihi kila mgonjwa mwenzangu azikwepe kwa maumivu haya. Hupunguza mwendo wa utumbo, na zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuzifanya neva zihisi maumivu zaidi.

Wanaotamani dawa ya kuua neva hizi moja kwa moja wafikirie tena. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba neva za maumivu hutoa kemikali iitwayo CGRP, ambayo huziamuru seli za ute zimwage ute unaokinga utumbo. Panya walioondolewa neva hizo hupata kolaitisi kali zaidi. Lengo ni kuzituliza.

Maumivu yakikaa chini kwa miezi 6 au zaidi, dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na kalprotektini huendelea kupimwa, kwa kuwa neva zilizotulia hazizuii kolaitisi kurudi.