Diski wanaiogopa, brashi wanaidharau

Ukikaa kutwa kwenye karakana yangu hapa Magomeni, Mtwara, utaliona hili mwenyewe. Kijana akipewa grenda yenye diski ya kukatia, miwani anavaa bila kuambiwa, miguu anaitanua, mashine anaishika kwa mikono miwili. Mwambie atoe diski, afunge brashi ya waya akasugue kutu: miwani inapanda kwenye paji la uso, mkono mmoja unabaki na mashine, wa pili umeegemea geti. Kwake hiyo si hatari tena, ni usafi. Kama anapiga mswaki vile.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na wateja huniita mama fundi hata walionizidi umri. Kazi zangu nyingi si mageti mapya, ni kutu. Upepo wa bahari huku unakuja na chumvi yake, na geti lililofungwa Shangani huanza kuvuja kutu kwenye maungio kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la fundi. Kwa hiyo kwangu brashi inazunguka saa nyingi kuliko diski, na ndiyo maana naisemea.

Diski ikipasuka, inapasuka mara moja na kila mtu anasikia. Brashi haipasuki, inapukutika. Inaachia waya mojamoja kila ikizunguka, hata ikiwa mpya, hata ukiitumia sawasawa. Waya wenyewe ni mwembamba, mara nyingi chini ya nusu milimita, na unatoka kwa kasi ileile ya ukingo wa brashi. Piga hesabu: brashi ya kikombe, yaani yenye umbo la kikombe, ya milimita 75, kwenye grenda ndogo inayozunguka raundi 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 43 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Fulana haizuii kitu. Jioni nikivua aproni yangu ya ngozi nazikuta zimesimama kifuani, vipande vifupi, vingine vimezama nusu, navitoa kimoja kimoja kwa koleo. Yule aliyesugua na kanga kifuani ndiye wa kuulizwa vilikwenda wapi.

Miwani peke yake haitoshi kwa kazi hii. Navaa miwani iliyoziba pembeni, halafu juu yake ngao ya uso ya plastiki. Ngao bila miwani nayo haifai, kwa sababu waya huingia kutokea chini ya kidevu. Na lile kofia la kuchomelea lenye kioo cheusi lisihesabiwe kabisa. Huoni unachosugua, utalinyanyua tu.

Kitu kikikuingia jichoni, usisugue, na usimwite mwenzako aje na njiti ya kiberiti. Kila penye mafundi kuna mmoja mwenye sifa ya kutoa vyuma machoni, na mwingine atakwambia utie maziwa ya mama anayenyonyesha. Chuma kikikaa juu ya jicho huanza kuacha kutu humohumo ndani ya saa chache, na kutu hiyo huondolewa na mtaalamu wa macho mwenye kifaa chake. Kilichokuja kwa kasi kinaweza kuwa kimepenya hadi ndani huku jicho kwa nje likionekana zima, na hata lisiume sana. Lifunike bila kulibonyeza, nenda Hospitali ya Ligula au iliyo karibu nawe, na useme wazi kwamba ulikuwa unasugua chuma. Hilo la kusema lina maana yake. Daktari akitaka kukupima kwa MRI, kile kipimo cha sumaku kubwa, bila kujua, ile sumaku inaweza kukisogeza chuma ndani ya jicho.

Kabla ya kununua brashi, igeuze usome namba. Kila brashi ya kweli imeandikwa raundi za mwisho inazostahimili, na namba hiyo haitakiwi kuwa ndogo kuliko ya mashine yako. Vikombe vidogo vingi vinavuka 11,000, lakini vile vipana vinavyopendwa kwa sababu vinamaliza kazi haraka, vingine vimeandikwa 8,500. Zile zenye kijiti cha kufunga kwenye drili ni za chini zaidi. Isiyo na maandishi yoyote, hata ikiwa nusu bei, muachie muuzaji. Ukishaifunga, hakikisha haigusi kava, maana ikizunguka waya hutanuka. Kisha iwashe ukiielekeza pasipo na mtu, iache izunguke dakika nzima kabla ya kugusa chuma. Waya zilizolegea hutoka hapo. Mbele ya karakana yangu watoto wa shule wanakatiza, kwa hiyo nimesimamisha bati bovu upande wa njia, na majaribio yote yanafanyika nyuma yake.

Sasa grili za madirisha. Hizi zenye nondo zilizobanana ndizo kazi ninayoichukia kuliko zote. Kikombe kikiingia kati ya nondo mbili, upande mmoja unavuta kushoto na wa pili unavuta kulia, na upande utakaoshika kwanza ndio utakaoamua mashine iende wapi, si wewe. Ndiyo maana ule mshikio wa pembeni, ambao vijana huufungua wakautupa kwenye kopo la misumari, kwangu haufunguliwi. Penye ukingo, tazama brashi inazungukia wapi: itoke kwenye bapa kuelekea nje ya ukingo, isije ikaupiga ukingo uso kwa uso, maana hapo inadaka na mashine inakurukia. Penye nafasi finyu natumia brashi ya mkono na msasa. Mteja namwambia bei mapema, anaguna, analipa.

Na usikandamize. Kinachokata kutu ni ncha za waya. Ukikandamiza waya zinalala, zinasugua kwa ubavu, zinapata moto na kukatika. Kutu inabaki palepale, brashi imekwisha, na waya zote zimekwenda hewani. Brashi ikikataa kutoa kutu, tatizo si nguvu zako. Pengine inataka ile ya waya zilizosokotwa, au kutu imekula chuma na hapo ni pa kukata na kuunga kipande kipya.

Nguo nitasema kwa kifupi. Glavu ziwe za ngozi na zikae mkononi vizuri. Za pamba zenye nyuzi zinazoning'inia ni mbaya kuliko mkono mtupu, brashi inashika uzi na kuuvuta pamoja na vidole. Dada zangu, mtandio ni wa njiani. Mimi nikifika kazini nafunga kitambaa kifupi kwa nyuma, ncha nazizamisha ndani ya kola ya ovaroli, kisha kofia juu. Vumbi pia si la kuvuta. Grili za nyumba za zamani kule Mikindani zina rangi tabaka kwa tabaka, na rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hizo nazisugua na barakoa inayobana puani, si leso, na watoto wa mwenye nyumba wakae mbali. Vijana wanaoambiwa na bosi wajinunulie kinga wenyewe wajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri azitoe yeye.

Kuna jambo la umeme ambalo sijasikia likifundishwa sana. Grenda nyingi za bei ya chini zina swichi ya kusukuma mbele inayojifunga. Umeme unakatika, mashine inanyamaza, kijana anaiweka benchini na kwenda kunywa chai. Umeme unarudi. Mashine inaamka yenyewe, inaruka benchini, inatafuta njia. Kwa hiyo umeme ukikatika, kwanza swichi, pili plagi, ndipo chai. Kama unanunua mpya, ongeza hela upate ile ya kubana ambayo ukiiachia inazima.

Diski nazo zina yao, ila wengi mnayajua. Ile pete ya chuma katikati imechapwa mwezi na mwaka wa kuisha, kwa sababu gundi inayoshika jiwe inachoka, na unyevu wa huku pwani unaichosha zaidi. Ziweke mahali pakavu. Ya kukatia haisagi kwa ubavu. Na mwenye kuvua kava ili avalishe grenda ndogo diski ya inchi saba ajue anachokifanya: kwa raundi 11,000 ukingo unapita mita 100 kwa sekunde, wakati diski yenyewe imeandikwa mwisho mita 80.

Nimalizie na wakulima wa korosho, maana msimu wa kupulizia ukifika wananijia kila siku. Mashine za kupulizia salfa za kubeba mgongoni zinavunjika fremu, wanazileta zikiwa zimetoka shambani moja kwa moja: petroli ndani, unga wa njano kila kona. Salfa inawaka. Inawaka kwa moto wa bluu ambao juani huuoni vizuri, na moshi wake unababua koo na kubana kifua. Unga huo ukitimuliwa hewani halafu ukakutana na cheche, unashika kwa pamoja. Sasa fikiria brashi ya waya, inayotimua vumbi na kutoa cheche kwa wakati mmoja, juu ya fremu hiyo, na petroli hatua moja pembeni. Kwangu haiingii ndani mpaka petroli imetolewa, tenki na injini vimefunguliwa vikawekwa mbali, na fremu imeoshwa kwa maji na sabuni ikakauka. Ndoo iko nje, bomba liko nje.

Wananuna, hasa wanaotoka mbali. Mzee mmoja wa Nanguruwe aliniuliza, "Mama fundi, hapa nimefika kwa fundi au kwa dobi?" Nikamjibu, "Asubuhi ni kwa dobi, mzee wangu. Sabuni ile pale."