Hakuna Aliyetuajiri

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mpwa wangu alimaliza Kidato cha Nne Novemba, na kila mwenye kijana wa umri huo nyumbani anaijua ile miezi. Matokeo yanasubiriwa, na hata yakitoka vizuri, Kidato cha Tano ni mpaka Julai. Mtoto anaamka saa nne, anakunywa chai, anatoka kwenda kijiweni, anarudi kula. Mdomo wangu haukupumzika. Nilimwambia vijana wa siku hizi wanapenda kivuli kuliko jasho, na mengine ambayo nikiyakumbuka sasa naona haya.

Februari ikasikika hapa Ngamiani, Tanga, kwamba wanatafutwa vibarua wa kuzibua mitaro kabla ya masika, wiki tatu, malipo kwa siku. Alfajiri akachukua baiskeli yangu akaenda. Walifika zaidi ya arobaini na waliotakiwa ni kumi na wawili, kwa hiyo vikakatwa vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa kwenye kofia. Yeye akapata. Rafiki yake waliyekaa dawati moja miaka minne akakosa.

Jioni alirudi ananuka tope lile jeusi lisilotoka kwa sabuni. Wametoa chupa, matambara, malapa ya mguu mmoja mmoja, na godoro zima ambalo mpaka leo hatujui liliingiaje mtaroni. Chepe ilikuwa imemtoa malengelenge viganja vyote viwili. Akashindwa kufinya tonge la ugali, akaomba kijiko, sote tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mjomba, tumefunga kazi saa kumi na moja, wale waliokosa kura bado wamekaa palepale chini ya mwembe."

"Wanangoja nini?"

"Labda mtu achoke, aache."

Nikakosa la kusema. Baadaye nikafungua Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu.

Mfano huu sisi Waswahili hatuhitaji mtu wa kutugeuzia saa. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, tena saa tatu, saa sita, saa tisa, mwisho saa kumi na moja, na kwetu saa kumi na moja ni saa kumi na moja kweli, jua linataka kuzama. Mahubiri mengi niliyoyasikia hukimbilia ile dinari waliyolipwa wote sawa na manung'uniko ya waliotangulia. Mimi safari hii nilikwama mstari wa 6 na wa 7. Anawauliza mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi. Swali hilo nimelitoa mimi mara ngapi, kwa sauti gani! Nao wanajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Basi. Bwana habishani nao. Hawaulizi alfajiri walikuwa wapi, wala hawaambii wajiajiri. Anawapeleka shambani.

Kukosa kazi si jambo la Tanga peke yake. Ndugu yetu mmoja anayeishi New York aliwahi kunieleza kuhusu mpango wa jiji lile wa kuwapa vijana kazi za likizo ya kiangazi. Ulianza mwaka 1963, unachukua vijana wa miaka 14 hadi 24 kwa wiki 6 hivi, na kwa kuwa waombaji wanazidi nafasi, wengi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Wao wana kompyuta, sisi tuna kofia. Anayekosa, huko na huku, anarudi nyumbani kwa watu wanaomwona mvivu.

Wiki tatu zikaisha. Malipo yakaambiwa Jumamosi, Jumamosi ikawa kesho, kesho ikawa siku tisa. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu, akanikumbusha upande wa ukuta wake kwamba Mtume amefundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Nami nikamsomea Kumbukumbu la Torati 24:15, kwamba jua lisizame kabla maskini hajapewa ujira wake. Tulikuwa tumeshaanza kuwasema wale wenye fedha vizuri kabisa, ndipo nikamkumbuka dobi wangu. Namwambia kesho tangu Jumapili iliyopita. Nikaaga, nikaenda kutafuta chenji.

Fedha ya kijana ilitoka, kamili. Nusu akampa mama yake, akanunua mpira wa ndani wa baiskeli yangu aliyoitoboa, iliyobaki sikumuuliza. Rafiki yake bado yuko mwembeni. Nikipita siku hizi nasimama tunasalimiana, na juzi nimemuuliza anajua kazi gani. Kumbe anapaka rangi, alifundishwa na baba yake.

Jumuiya ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kwetu. Tutasoma Mathayo 20:1-16. Mwenye nyumba au duka linalohitaji rangi, hata ukuta mmoja, aniambie kabla ya siku hiyo.