Kabla hujampelekea mchapishaji diwani yako ya mashairi

Vijana wanaotunga hapa mjini wana hofu moja: wakimpelekea mchapishaji mswada, atawajibu "pole, hatuuhitaji", kisha mwakani mashairi yaleyale yatoke kwa jina la mtu mwingine. Mimi huwaambia walale usingizi wao. Mchapishaji anaishi kwa vitabu vya shule. Diwani ni bidhaa ya kulala dukani, na sioni kwa nini ajisumbue kuiiba.

Sheria yenyewe iko upande wetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mtunzi haki yake tangu shairi linapoandikwa au kurekodiwa, na marekebisho ya 2019 yakasema waziwazi kwamba kutosajili hakumzuii mtu kudai. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Lakini liandikwe! Muyaka bin Haji alifariki 1840, na mengi katika mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mvita, yaani Mombasa, hadi walipotokea wa kuyaandika. Kwa sheria ya leo, shairi lililo kichwani tu halina kinga. Na usidhani bahari ya shairi, yaani aina yake, au mizani kumi na sita kwa mstari ni mali yako. Hizo ni za kila mtu. Chako ni maneno yako jinsi ulivyoyapanga.

Mimi husajili mswada kwenye Bodi ya Hakimiliki kwa njia ya mtandao, kwa sababu cheti ni ushahidi mzuri siku ya ubishi. Kuna wanaojitumia shairi kwa posta na kuiweka bahasha bila kuifungua. Bahasha isiyogundishwa nayo hupigwa muhuri wa posta, ikajazwa baadaye, kwa hiyo sijui itamshawishi hakimu gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana hawaniulizi kamwe: je, mashairi yote unayopeleka ni yako?

Mimi ni mtunzi wa kuagizwa. Mama wa bibi harusi wa Kibokoni ataniambia, "Dada, nitungie beti saba, umtaje na marehemu babake." Shirika litataka shairi la chanjo. Mwimbaji wa taarabu naye atataka la kumjibu hasimu wake. Sheria yetu inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Mkataba wa mchapishaji nao kwa kawaida hukutaka uthibitishe kwamba kila ubeti ni mali yako. Ukitia sahihi huku nusu ya diwani ni ya harusi za watu, mwenye tatizo ni wewe, si yeye.

Ndiyo maana kabla ya kushika kalamu namtumia aliyeniagiza ujumbe wa WhatsApp: "Shairi linabaki langu. Nakuruhusu ulisome na ulirekodi harusini, nami naweza kulitia kitabuni." Akinijibu "Sawa dada, hilo nalo la kuuliza?" napiga picha ya mazungumzo na kuihifadhi. Mashirika huyaandikia barua. Ofisa mmoja alinicheka, eti shairi la chanjo nalo lina mkataba, lakini sahihi alitia.

Kwa waimbaji wanaoniomba shairi nililokwisha kulitunga mwenyewe, bila kuagizwa, sina wasiwasi sana. Ruhusa ya kuimba yaweza kuwa ya mdomo tu, ila kuhamisha hakimiliki ni lazima kuwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Kwa hiyo yule anayetamba "alinipa" bila karatasi, alichopewa ni ruhusa ya kuimba. Jina pia ni haki ya mtunzi, hata hakimiliki ikishauzwa. Wazee walitaja majina yao kwenye beti za tamati. Mimi langu nalitia kwenye kina, atakayelifuta avunje shairi zima.

Ukifika kwenye mkataba wenyewe, tazama kama unaombwa kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kuchapisha. Mimi hutoa leseni: kitabu cha karatasi, Kiswahili, kwa miaka iliyotajwa, na haki zinirudie kitabu kikiisha madukani wasipokichapa tena. Sauti na tafsiri tuzungumze mbali. Kwa diwani za shule, ambapo mtu hulipwa mara moja basi, huwa nauliza zaidi, hata nikaonekana msumbufu.

Mswada nilio nao sasa umepungua kidogo. Nimetoa shairi moja la harusi, kwa kuwa ndoa ilivunjika na familia haitaki kulisikia. Nimetoa na la kampeni, ambalo nililipenda mno kwa vina vyake. Mheshimiwa alilinunua lote, na nilipomuomba ruhusa akasema lisiguswe, atalihitaji tena 2027.