Siku moja karakana ya paneli za umeme, Industrial Area, Nairobi

Saa mbili asubuhi ni kutoboa bati, kufunga reli za kushikia vifaa na trankingi, mifereji ya kupitishia nyaya. Chai ya saa nne hukuta kazi hiyo imeisha.

Saa nne na nusu mteja anaingia, na asubuhi inakwama hapo. Ana kiwanda cha unga. Anataka draivu (kidhibiti cha mwendo wa mota) ya kilowati 7.5, transfoma ya VA 500 ya kushusha volti 415 hadi 110, na PLC, kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo, vyote katika kabati la milimita 800 kwa 600 kwa 250, lisilo na tundu hata moja.

"Fundi, dogo ni bei nafuu."

"Bosi, tupige hesabu kwanza."

Draivu hupoteza karibu asilimia 3, wati 225. Transfoma ikibeba mzigo wote, wati 25 hivi. Jumla 250. Kabati hilo likiwa ukutani hutoa joto kupitia kama mita 1.2 za mraba, wati 5.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Ndani patazidi nje kwa nyuzi 38. Chumba kikiwa 28, ndani ni 66. PLC nyingi kikomo chake ni 55 au 60.

"Basi weka kafeni."

Kafeni kenyewe kana hesabu. Ili tofauti isizidi nyuzi 15, Mombasa, usawa wa bahari, zingetosha mita za ujazo 52 za hewa kwa saa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, zinatakiwa kama 63. Kichujio kikishika unga zinapungua, kwa hiyo tunachukua feni ya 100. Na vumbi la unga hulipuka! Kabati halikai penye kusaga. Linahamia chumba cha pembeni. Saa sita na nusu ndipo anakubali.

Baada ya chakula, paneli ya pampu. Uzito wa transfoma humshawishi fundi aiweke chini, lakini joto hupanda, na kilicho juu yake ndicho huungua. Inakaa juu, kwa bolti nne kwenye bamba, kando ya njia ya hewa ya draivu. PLC inabaki chini, karibu na hewa inapoingia. Juu na chini ya draivu, milimita 100 wazi. Breka ya transfoma, swichi inayokata umeme ukizidi, ni aina ya D inayovumilia mkurupuko wa kuwasha, maana ya C huruka ukiwasha tu.

Kisha skrubu, moja moja, kwa bisibisi ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Iliyolegea hupika waya kuliko transfoma. Mikono imechoka, ila hapa hakuna kuruka.

Jioni ni mzigo kamili na kipimajoto kinachosoma joto bila kugusa. Shaba inayong'aa hudanganya kifaa, kwa hiyo tunabandika tepu nyeusi kwanza. Tunasoma kila robo saa, na hakuna anayevua ovaroli mpaka namba ziache kupanda.