Siku Moja na Mbega Wekundu wa Mwanihana

Saa 10:30 alfajiri

Chai ya rangi, viazi vitamu vya jana, kisha soksi. Soksi ndizo zinazochukua muda. Suruali inachomekwa ndani ya soksi, soksi zinaingia ndani ya buti, na juu yake nanyunyiza dawa ya kupe. Wageni wakituona tumevaa hivyo hucheka. Wakishapandwa na siafu mara moja, kesho yake wanavaa hivyo hivyo.

Begi nililifunga usiku: darubini, kipima umbali cha leza, GPS, dira, penseli tatu (wino huku hautamani kukaa kwenye karatasi), betri, memori kadi, maji lita mbili na chombo cha wali na maharage. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa. Kazi yangu, kwa kifupi, ni kuhesabu nyani na ndugu zao wa mitini, na kuhudumia kamera zinazohesabu wale wanaotembea chini.

Saa 11:45 alfajiri

Getini afande ameshafika na bunduki yake. Haiko pale kwa ajili ya majangili peke yao. Msitu huu una tembo na nyati, na nyati wa msituni humwoni mpaka mmekaribiana kuliko mnavyotaka nyote wawili. Mzee naye amekaa kwenye gogo lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umebeba chumvi?"

Kila siku ananiuliza chumvi. Chakula kisicho na chumvi anakiita cha wagonjwa. Amezaliwa Sanje, na miaka aliyoijua milima hii ni mingi kuliko umri wangu. Njiani yeye ndiye masikio, mimi ni karatasi.

Sanje yenyewe ina historia yake katika kazi hii. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kwenye msitu huu wa Mwanihana waliposikia mlio wasioutarajia. Waliokuwa nao kutoka hapa hawakushangaa: huyo ni ngolaga, jamaa ya nyani. Kwa wenyeji alikuwa mnyama wa kawaida kabisa. Kwa sayansi alikuwa mgeni. Leo anajulikana duniani kwa jina la kijiji cha Sanje, na hakuna mahali pengine anapoishi isipokuwa misitu miwili ya milima hii. Makadirio ya miaka ya karibuni yanasema wamebaki kama 3,000. Nikikaa na wanafunzi wanaokuja kujifunza hupenda kuwaambia habari hiyo kabla hawajawaambia wazee wetu namna ya kutafuta wanyama.

Saa 1:00 asubuhi

Tupo mwanzo wa njia ya sensa. Naandika tarehe, saa, hali ya hewa, majina yetu. Njia ina urefu wa kilomita 4 na tutaitembea kwa saa nne. Ndiyo, kilomita moja kwa saa. Hatua chache, unasimama, unatazama juu, unasikiliza, unaendelea. Afande wa kwanza kufanya kazi nasi alidhani tunachelewesha muda ili tulipwe siku nzima.

Mwendo huo si uvivu. Ukikimbia unayapita makundi yaliyotulia. Ukizubaa, kundi lililokuwa mbele linaweza kuzunguka ukalihesabu tena. Na muhimu kuliko yote, waliotutangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitembea kwa mwendo huu, saa hizi, kwenye njia hizi. Tukibadilisha mwendo leo, namba za leo hazitaongea na za wakati ule. Wapo wanaoona jambo hili linachosha. Mimi ndilo ninalolipenda. Mtalii amelipa ili aone mnyama. Sisi tunalipwa ili tutazame kwa namna ile ile, mnyama awepo asiwepo.

Saa 2:20 asubuhi

Mzee anainua mkono. Matawi yanatikisika upande wa kulia, halafu kuna kipande cha ganda kinadondoka. Anasema kwa midomo tu: mbega.

Ni mbega wekundu. Napiga leza kwa yule wa kwanza tuliyemwona: mita 41. Nasoma pembe kwenye dira, nachukua umbali wa pembeni kutoka njiani, nabonyeza GPS. Umbali huo ndio unaotuambia baadaye tuliweza kuona eneo la upana gani, maana msitu mnene wa chini na msitu wa juu ulio wazi havionyeshi sawasawa.

Hapa huwa kuna swali: mbona hamhesabu kichwa kimoja kimoja? Kwa sababu haiwezekani kwa uaminifu. Kundi linaweza kuwa na wanyama 20, linaweza kuwa na 50, na nusu yao wako nyuma ya majani. Tunahesabu makundi, kisha tunagawanya kwa kilomita tulizotembea. Idadi ya kila kundi ni kazi nyingine, ya watu wanaolifuata kundi moja kutwa.

Tunajipa dakika 10, si zaidi. Mmoja ameketi wazi kabisa kwenye tawi, miguu inaning'inia. Kofia ya manyoya mekundu, uso mweusi, kifua cheupe. Anavuta kitawi kwa vidole vinne, kwa kuwa kidole gumba cha mbega kimebaki kinundu tu. Anachagua majani machanga ya ncha, yaliyokomaa anayaacha. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe na linamudu majani, lakini kwenye machanga ana uroho wa wazi. Anatutazama, anajikuna, anaendelea kula. Hakimbii.

Tabia hiyo ya kutokimbia ndiyo imewaponza wenzake. Kusini ya milima hii kuna msitu wa Uzungwa Scarp, ambao kwa miaka mingi haukuwa na ulinzi kama wa hifadhi ya taifa. Njia za sensa zilitembewa kule na huku kwa miaka kama kumi. Huku Mwanihana mbega walibaki pale pale. Kule, mbega wekundu na wale weusi kwa weupe waliporomoka mpaka ikawa mtu anamaliza njia nzima bila kuona hata mkia, ilhali kima na ngolaga hawakushuka kwa namna hiyo. Kima akimwona mtu anatoroka. Ngolaga anashuka chini na kupotea vichakani. Mbega anakaa, na mwenye silaha anamkuta amekaa. Matokeo yale yalisaidia sana kusukuma msitu ule upandishwe hadhi uwe hifadhi ya mazingira asilia.

Yasingepatikana kama kuna mtu aliona haina haja kuandika "hakuna".

Saa 3 hadi saa 5 asubuhi

Hakuna. Kima kundi moja, wakati tai alipopita juu ya miti na msitu mzima ukapiga kelele. Kinyesi cha tembo cha juzi. Upupu, ambao afande ameugusa na sasa anajikuna shingo huku mzee akimkataza kutumia maji. Ngolaga tumewasikia ng'ambo ya bonde ila hatukuwaona, kwa hiyo nimewaandika kwenye safu ya waliosikika, ambayo haichanganywi na ya walioonekana.

Saa 5:50 asubuhi

Tumeacha njia, tumepanda karibu saa nzima kwenda kuchukua kamera mtego, ile inayopiga picha yenyewe kitu kikipita mbele yake. Tangu 2009 kamera hizi huwekwa kila mwaka kiangazi kwenye vituo 60 vya msitu huu, kituo kimoja kwa kila kilomita 2 za mraba, na kila moja hukaa siku 30. Hazichagui mahali pazuri. Ramani ilishaamua, nasi tunapewa nafasi ndogo tu ya kutafuta kijia cha wanyama karibu na ile nukta.

Hii ina bahati: tembo hajaing'oa. Ila sisimizi wamehamia ndani na mayai yao, na kioo kina ukungu. Nasafisha, nahesabu betri zilizobaki na chaji, naangalia idadi ya picha: 611. Usifurahi. Nyingi zitakuwa jani moja lililokuwa likipigwa na jua na kuyumba mbele ya kihisio.

Kabla ya kuifungua mtini lazima nithibitishe kuwa ilikuwa inafanya kazi mpaka leo. Kwa hiyo mtu mzima mwenye diploma anapiga magoti na kutambaa mbele ya kamera kwa miguu minne, ameshika ubao wenye namba ya kituo na tarehe. Kompyuta yetu ofisini imejaa picha zangu za namna hiyo. Kima hupigwa picha akiwa na heshima kuliko mimi.

Nieleze kwa nini siku 30. Funo, swala mdogo wa msituni, akikosa kuonekana siku moja, huwezi kusema hayupo. Akikosa siku 30 mfululizo, na kwenye vituo vingine ambako yupo huwa anajitokeza ndani ya siku tatu nne, hapo sasa una hoja. Hesabu yote ya kamera imejengwa juu ya tofauti hiyo, kati ya "hayupo" na "sikumwona". Na ndiyo maana kamera haiwezi kuchukua nafasi ya miguu yetu: mbega anaweza kuishi maisha yake yote juu ya kamera yako usimpate hata mara moja.

Saa 7:15 mchana

Wali, maharage, chumvi ya mzee. Tunashuka.

Saa 10 jioni

Ofisini, umeme upo. Fomu zinaingizwa siku hiyo hiyo, wakati bado unakumbuka kwamba hiyo 1 ya penseli ni 1 na si 7. Mwenzangu anasoma, mimi naingiza, halafu tunabadilishana na kuhakiki. Ni saa moja na nusu ya kazi ambayo hakuna mtu atakayeipiga picha, na kwa maoni yangu utafiti mwingi hufia hapa kuliko msituni.

Saa 11:40 jioni

Njiani kurudi nyumbani nimesimamishwa na mama mmoja mwenye shamba karibu na mpaka. Tembo walishuka usiku, wamekula migomba na kukanyaga mpunga wake. Nampa pole, ananiambia pole haipikwi. Ana haki. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na upande huu wa mashariki hakuna eneo la katikati: msitu unaishia, shamba linaanza, halafu barabara, reli ya TAZARA na miwa ya Bonde la Kilombero. Tembo wa zamani walivuka bonde hili kwenda Selous. Njia zikazibika moja baada ya nyingine.

Baadhi ya majirani zake wana uzio wa mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Mama naye anautaka. Namwandikia tarehe, saa, alama za nyayo na ukubwa wa eneo lililoharibiwa, ili kesho nimfikishie anayehusika na wanyamapori kijijini. Mimi si wa fidia wala si wa mizinga, lakini tukio lisiloandikwa kwenye vikao huwa halikutokea.

Saa 2:30 usiku

Picha. Jani. Jani. Jani. Panya buku, mkia wake mweupe nchani. Kanu. Jani. Nguruwe pori wanne na watoto. Kisha wanawake wawili na mizigo ya kuni kichwani, mmoja anaitazama kamera moja kwa moja.

Hadi mwaka 2011 wanakijiji waliruhusiwa siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi, baadaye ruhusa ikasitishwa. Kuni bado zinahitajika. Kwenye kazi yetu picha ya mtu inawekwa alama ya "binadamu", uso haukuzwi, na haiendi kwenye kundi lolote la WhatsApp. Kuna wenzangu wanaona ningeipeleka kwa askari usiku huo huo. Sikubaliani nao. Doria ina watu wake na njia zake. Kijiji kikiamini kwamba kamera za sensa zimewekwa kukamata kina mama, mwakani tutakuta miti mitupu, na rekodi ya tangu 2009 itakatika. Mwenye mtego wa waya ni habari nyingine, na huyo hata mimi sina simile naye.

Picha ya 480 imenishika nusu saa. Ni usiku, rangi hakuna, kuna makalio ya swala wa msituni anayetoka kwenye fremu. Minde au funo? Minde anapatikana Tanzania pekee, na kila picha yake ina uzito. Ni mkubwa, hufika kilo 50 na zaidi, na hupenda giza. Funo ni mdogo sana kwake na hutembea zaidi mchana. Nimefungua picha ya kutambaa kwangu kwenye kituo hicho hicho, nikalinganisha kimo na mche ulio pembeni. Kwa mche ule, mgongo wake ungepita magoti yangu nikisimama. Saa, kimo, unene wa paja, vyote vinaelekea kwa minde. Mwenzangu kwa simu anasema haoni pembe wala kile kishungi chekundu cha utosini, na bila kichwa yeye haandiki minde.

Nimeandika "jamii ya funo na minde, spishi haijathibitika", nikaweka alama ili mtu wa tatu aiangalie. Huku Ndundulu, ndani zaidi ya milima hii, picha za kamera mwaka 2005 zilionyesha sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye hakufanana na yeyote. Hakutangazwa kuwa spishi mpya mpaka 2008, baada ya watu kwenda kumtafuta na kumpima. Makalio yangu ya saa nane usiku yanaweza kusubiri wiki moja.

Kesho ni njia ya Msolwa. Afande ameshatuma ujumbe: tuondoke nusu saa mapema, nyati wameonekana karibu na kivuko. Na mzee anauliza chumvi imebaki kiasi gani.