Injini ya RS kwenye bodi nyepesi ya Vitz: mambo ya kujua kabla hujafungua bolti ya kwanza

Vitz za mwaka 1999 hadi 2005 zimejaa Tabora, na bodi zake bado ni imara kuliko injini nyingi zilizomo ndani yake. Ndiyo maana swali la "nikiweka mashine ya RS, ile Vitz ya mbio, humu?" haliishi vijiweni. Jibu ni ndiyo, inakaa. Ila wengi wanaanza na injini, wakati kinachoamua kama kazi itaisha wiki moja au miezi minne ni bodi.

Angalia kibao cha chesisi. Bodi ya SCP10 ilizaliwa na injini ya 1SZ, cc 997, farasi 70 hivi. NCP10 ilizaliwa na 2NZ, cc 1,298, farasi 88. RS yenyewe, NCP13, ina 1NZ ya cc 1,497 na farasi 110. SCP10 ndiyo nyepesi na ndiyo ya bei ya chini, kwa hiyo inatamanisha. Iache. 1SZ ni ukoo mwingine kabisa: mauntingi zake, plagi za waya, hata bomba la moshi havilingani na 1NZ, na mafundi watakuchomelea vyuma hadi uzito uliouokoa urudi wote. Chukua NCP10. 2NZ na 1NZ ni ndugu wa tumbo moja, tundu la silinda ni milimita 75 kwa zote mbili. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, 73.5 kwa 84.7. Milango mitatu ikipatikana, bora zaidi.

Injini ya 1NZ si lazima itoke kwenye RS. Imo kwenye IST ya cc 1,500, Raum ya pili, Spacio, Probox. Ukiagiza kutoka Ilala, Dar, usikubali injini tupu. Iandike orodha na uisome kwenye simu kabla ya kutuma hela: injini, kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), waya wote wa injini bila kukatwa, throttle yake (mlango wa hewa), altaneta, na kama ufunguo wa gari lile ulikuwa na chipu, basi ufunguo na kisomeo chake pia. Throttle iangalie kwa makini. Zipo za kuvutwa na waya na zipo za umeme; ya umeme inadai na pedali yake. Kitu kimoja kikisahaulika, ni zaidi ya kilomita 800 kukifuata.

Injini ikifika, pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kuifurahia. Kitabu cha 1NZ kinataka psi 213, chini kabisa 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Lakini Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ukilinganisha na Dar. Geji ikikupa 180 hadi 185 kwenye silinda zote nne, hiyo ni injini nzima, usimrudishie muuzaji. Ikikupa 185, 183, 150, 184, hapo una kesi. Hesabu hiyohiyo inakula nguvu pia: farasi 110 wa kwenye karatasi, hapa ni kama 96. Kule Kigoma ziwani, kwenye mita kama 775, inapumua vizuri kidogo.

Injini ikiwa bado iko chini sakafuni, fungua kifuniko cha oili uchungulie kamshafti kwa tochi. Rangi ya asali ni sawa. Nyeusi inayoganda kama lami maana yake ushushe sampo, usafishe, kisha uchomoe kichujio kidogo cha valvu ya VVT-i (mfumo wa kubadili majira ya valvu) ukioshe kwa petroli. Kikiziba hicho, gari litakuwa zito chini na watu watalaumu plagi. Badilisha sili ya krenki upande wa flaiwili muda huohuo. Sili ni ya bei ndogo, lakini ikivuja baadaye utashusha giaboksi nzima kuifuata.

Giaboksi ndiyo penye kazi yenyewe. 1NZ nyingi zinatoka kwenye gari za otomatiki, na otomatiki kwenye bodi nyepesi ni kumfunga miguu farasi uliyempunguzia mzigo. Ya mkono ya gia tano unaipata kwenye Probox au RS. Utahitaji flaiwili na bolti zake, klachi kamili, pedali tatu na fremu yake, masta ya klachi na ya chini, bomba lake, leva ya gia na kebo zake mbili, na shafti za magurudumu. Zile shafti zilaze sakafuni sambamba na za zamani, uzipime kwa futi ncha kwa ncha, uhesabu na meno. Ikiwa fupi itachomoka gurudumu likishuka kwenye shimo. Ikiwa ndefu italiminya giaboksi mpaka beringi ilie. Nati ya habu ni Nm 216, na hapo spana ya kupimia nguvu haikwepeki. Giaboksi inakunywa lita 1.9 za oili ya 75W-90. Injini lita 3.7 pamoja na filta.

Kwenye umeme kuna mtego mmoja wa kila siku: bodi ya otomatiki haitapiga stata mpaka waya za swichi ya P na N (gia ya kuegesha na gia huru) ziunganishwe. Fundi umeme aziunge kwa kuchomea risasi na kuzifunika, si kuzisokota na kuzungushia selotepu. Na kontroli boksi ya otomatiki ikiendesha giaboksi ya mkono, taa ya injini itawaka daima. Tafuta boksi ya gari la mkono tangu mwanzo.

Breki, tafadhali. Gari likiongezwa mbio lisipoongezwa breki, jina lake unalijua. Chukua za RS zote: nako (kishikio cha habu ya gurudumu), kalipa, disk, masta, na zikiwepo disk za nyuma, ekseli ya nyuma nzima na kebo za hendibreki. Rimu ni matundu manne kwenye duara la milimita 100. Rimu za inchi 13 zitagusa kalipa, kwa hiyo jaribu rimu kabla ya kununua tairi. RS ilitoka kiwandani na 185/55R15. Kwenye lami ya Nzega ni tamu, lakini ukiingia kwenye vumbi na mashimo, ukuta wa tairi wa milimita 102 unapasuka upesi. Kama rimu ya 14 inapita kwenye kalipa zako, weka 185/60R14: kimo chake ni milimita 578, sawasawa na 155/80R13 ya awali, na spidomita haidanganyi. Nati za rimu, Nm 103.

Filta za hewa za wazi, zile za umbo la koni, ziachie watu wa lami. Mchanga wa Tabora ni laini kama unga, unapita, na ringi zinaisha. Boksi la kiwandani na filta ya karatasi, basi.

Kupunguza uzito zaidi? Anza na spika kubwa za nyuma. Ukitoa kitu, kipime kwenye mizani ya gunia uandike, maana macho yanadanganya: mazulia ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mikanda na vyuma vya ndani ya milango usiguse.

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo peleka risiti ya injini TRA, mamlaka ya mapato, kadi ibadilishwe, kisha ijulishe bima yako. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya kwanza, kaza upya mauntingi na bolti za ekseli, na uangalie chini ya giaboksi kama sili ya krenki inatoa jasho.