Ndara za Manda
Mwaka 2017, kusi ilipoanza kupoa, vijana wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, tulivuka mkondo kwenda kisiwa cha Manda, upande unaotazama bahari kuu, kuokota ndara. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walikuwa na kazi ya kuunda dau la plastiki taka, lile lililokuja kuitwa Flipflopi, na zilitakiwa ndara chakavu za kuvalisha ubavu wake. Mwishowe dau lile lilimeza tani 10 hivi za plastiki na ndara kama 30,000, likashushwa majini 2018, na Januari 2019 likatweka tanga kwenda Unguja. Siku ile hatukuwa na hesabu hizo. Tulichokiona ni pwani iliyojaa.

Na ilijaa kweli. Pwani zile kasa hupanda usiku kutaga, na pale maji yanapokomea ulikuwapo mkanda mzima wa chupa, vifuniko, vipande vya nyavu, miswaki, vibiriti vya gesi. Nilishika ndara moja ya buluu ikamomonyoka mkononi mwangu. Punje zikadondoka, nikachutama kuziokota, nikashindwa kuzibagua na mchanga. Jua lilikwisha kuila. Hilo linaniuma hadi leo: plastiki haiozi ikaisha, inakatikakatika tu, na kipande kilichomshinda mwokotaji samaki hukimeza.

Adhuhuri tukakaa kivulini. Mwenzetu mmoja akainua chupa yenye maandishi ya Kiindonesia.

"Haya yote yameletwa na mikondo," akasema. "Si yetu. Tunawafagilia watu wa mbali."

Wengi wakaitikia. Hoja tamu ile, kwani ukishaikubali huna la kufanya.

Mjomba wangu, fundi wa mashua, ndiye aliyetuvusha. Hakumjibu. Alimwaga gunia moja la ndara akaanza kuzichambua. Zilizoota vigamba vya baharini, vilevile anavyovikwangua mkukuni kila akipandisha chombo kukipaka deheni, aliziweka kushoto. Hizo zimeelea sana, alisema, zimetoka mbali. Zisizo na kigamba akaziweka kulia. Fungu la kulia halikuwa dogo.

Kisha akanipa moja kutoka fungu hilo. Gidamu yake ilikuwa imekatika, mwenyewe akaipenyeza tena tunduni na kuizuia kwa chini kwa msumari uliokunjwa.

"Mwanangu, watu wanaotia ndara msumari hivi wako wapi?"

"Kwetu, mjomba."

"Haya. Pakieni."

Tukapakia mafungu yote mawili, mashua ikalemewa, ikabidi irudi tena kuchukua magunia yaliyobaki.

Marufuku ya mifuko ya plastiki nchini Kenya ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, tarehe 28 Agosti, na niliisikia ikisifiwa barazani kana kwamba jambo limekwisha. Naiunga mkono sheria ile kwa moyo wote. Lakini iligusa mifuko. Chupa na ndara ziliendelea kutupwa mitaroni, na mitaro ya mji wetu hushukia baharini. Mvua moja kubwa yatosha. Chupa ya Indonesia ikishafika Manda, asipoiokota mtu wa Lamu haiokoti mtu. Na ile yetu inayotoka na maji, huko iendako kuna kijana anayeiinua na kuuliza ni ya nani.

Jumamosi iliyofuata hatukuvuka. Mjomba alitupandisha Mkomani juu, na mtaro tukaanza kuusafisha kutoka mlangoni kwetu.